Helikopta Ndogo Niliyomnyima Mkwe

Kiptoo na Nanjala,

Funguo mnazo, kitabu cha wateja mnacho, na kile kiti changu chenye mguu mfupi nimewaachia pamoja na kipande cha mbao cha kukiwekea chini. Mimi nimekaa hapa nyumbani siku ya nne sasa tangu nistaafu, nimeshapalilia vitunguu mara mbili, na mikono inaniwasha. Nimeona niwaandikie yale ambayo dukani sikuwahi kuyasema yote kwa mpigo, maana kila nikianza mteja anaingia. Mengi ni ya kazi. Moja ni la aibu yangu mwenyewe, na hilo ndilo refu.

Niliingia lile duka la Kitale nikiwa msichana kutoka Bumula kule Bungoma, nimemaliza kozi ya redio na televisheni, nimevaa sketi ambayo mama aliishona akidhani naenda kukaa ofisini. Mwenye duka alikuwa Mzee Gathogo. Wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Mlima Kenya wakalima mahindi, yeye akakataa jembe akashika bisibisi. Asubuhi ya kwanza akaingia mteja na redio yake, akaniangalia juu mpaka chini, akaniambia nimwitie fundi. Mzee Gathogo alichukua gazeti, akatoka, akakaa kwenye ngazi za duka la jirani mpaka yule mteja akakosa njia akanipa redio. Waya wa betri ulikuwa umekatika, basi. Nilimaliza kabla mzee hajafika ukurasa wa michezo.

Kwake nilijifunza mambo mawili ambayo mpaka leo siyaachi. La kwanza, skrubu zote ziingie kwenye kifuniko kimoja, na kifuniko hicho hakiondoki mezani hata jengo likishika moto. La pili, kabla hujafungua kitu cha mtu, mwulize anakitumia wapi na haraka yake ni ya nini. Alikuwa akisema redio haijui kudanganya lakini mwenyewe anajua, kwa hiyo anza na yule mgumu. Kiptoo, wewe hulifanyi hilo la pili. Unafungua kwanza, unauliza baadaye, halafu unashangaa kwa nini kifaa kimerudi.

Simu zilipokuja zikaua redio, tulikaa karibu mwaka mzima tukitengeneza chaja na kupiga miayo. Ndipo daktari mmoja wa mifugo akatuletea helikopta ya kuongozwa kwa rimoti, ndogo, nyekundu, ati ametumiwa na ndugu yake kutoka ng'ambo na haitaki kupaa. Ilikuwa na jino moja la gia lililovunjika. Kuitengeneza ilinichukua asubuhi moja. Kuirusha ili nijue kama imepona ilinichukua wiki mbili, kwenye stoo, katikati ya maboksi, huku Mzee Gathogo akichungulia mlangoni na kikombe chake, anahesabu tu mara ngapi nimeiangusha. Siku niliyoituliza mahali pamoja mpaka betri ikaisha, alinipigia makofi matatu akarudi kwenye gazeti. Mwezi uliofuata duka likawa na rafu ya helikopta, na mimi ndiye niliyekuwa naulizwa.

Na swali huwa lile lile. Mtu hajawahi kushika rimoti maishani, anataka helikopta ya kwanza, achukue ipi? Jibu ninalo na silibadilishi. Achukue ile ndogo ya mapanga ya kuzunguka ya ngazi mbili, moja juu ya nyingine, kila ngazi inazunguka upande wake. Hiyo hujituliza yenyewe hewani. Ukichanganyikiwa, achia vidole, itakungoja upate akili. Ile kubwa ya panga la ngazi moja, yenye panga dogo mkiani, haimngoji mtu. Ya kwanza iwe nyepesi kiasi kwamba ikikugonga kichwani unacheka, na mapanga yake yawe ya plastiki inayopinda. Mteja akianza kusifu rangi ya boksi, mwacheni asifu, nyinyi nendeni kwenye droo mwangalie kama spea zake zipo, maana siku ya kwanza lazima avunje kitu. Betri awe nazo mbili, na ikivimba hata kidogo isichajiwe tena, hakuna kubembelezana hapo. Mfungieni fito mbili za mwanzi chini ya miguu ya helikopta, zipishane kama msalaba, kila ncha iwe na mpira mdogo wa plastiki, ili isipinduke ikitua.

Mwanzoni asimame nyuma ya mkia. Helikopta ikikugeuzia uso, kulia kwake kunakuwa kushoto kwako, na hapo ndipo watu wazima wenye vyeo vyao huanza kulitaja jina la Mungu. Arushe asubuhi, kabla upepo wa Mlima Elgon haujaamka. Na wateja wa Bungoma wasiwatishe wakisema ya kwao inapaa kwa nguvu kuliko ile mliyoijaribu dukani. Kitale tuko juu, hewa ni nyepesi, helikopta inapata taabu. Ikishuka kule inapumua. Niliwahi kurudishiwa helikopta nzima kabisa kwa sababu hiyo, na mwenyewe alikuwa mwalimu wa sayansi.

Yote hayo nilikuwa nayajua, nimewaambia watu wasiohesabika. Sasa sikilizeni nilichofanya.

Binti yangu Nekesa ameolewa Bumula, nyumbani kwa Mzee Simiyu. Kwa hiyo Mzee Simiyu ni mkwe wangu. Ni mtu wa kulima kwa ng'ombe. Tangu ujana wake amelima mashamba ya watu, yeye akishika jembe nyuma, mkewe Mama Wafula akitangulia mbele na kamba ya ng'ombe. Boma lote linakula kwa jembe hilo, binti yangu na wajukuu wangu wakiwemo. Halafu matrekta yakaja, na kila msimu waliomwita walikuwa wachache kuliko wa msimu uliopita. Ndipo kikundi chao cha wakulima kikapata droni ya kunyunyizia dawa, ile ya mapanga sita inayobeba tangi. Ilihitaji mtu mmoja wa kuirusha, na mtu huyo angechaguliwa kwa mtihani, kwenye chuo cha kilimo cha Mabanga, baada ya miezi mitatu. Mtahini aliwaambia mapema kwamba atazima ule usaidizi wa setilaiti unaoifanya droni isimame yenyewe; anataka kuona mikono ya mtu. Akawashauri wakajifunze kwanza kwa helikopta.

Mzee Simiyu akaja Kitale. Alivaa koti lake la Jumapili, akasimama mbele ya meza yetu, akasubiri mpaka wateja wengine waondoke.

"Mkwe," akaniambia, "ng'ombe nimebaki na wawili. Nikiikosa hii kazi, msimu ujao nawauza na hao."

Kiptoo, wewe labda hujui mambo yetu ya Bungoma, Nanjala atakueleza. Mkwe si mtu wa kuchezewa. Humtaji jina mbele yake, humpi mgongo, humpandishii sauti hata nyumba ikivuja. Unampa kilicho bora, na unampa kwa mikono miwili. Mkono wangu ulikuwa umeshafika rafu ya chini, kwenye ile ndogo ya manjano, ambayo ndiyo haki yake. Nikaiona ilivyo. Inaenea kiganjani, na ubavuni ina katuni ya nyuki anayecheka. Nikamtazama mzee na koti lake. Nikamwona akiteremka nayo pale Bumula, na watu wakimwuliza, mzee, umemletea mjukuu? Mkono wangu ukapanda rafu ya juu wenyewe. Nikamshushia ile nyeusi, kubwa, yenye mapanga magumu marefu kama mkono wa mtu mzima. Nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Nanjala, ulikuwepo, unafuta kioo. Ulinitazama. Nilijifanya sikuoni.

Jumamosi nikaenda Bumula kumfundisha. Tulisimama kwenye nyasi nyuma ya nyumba, mimi nikiwa mbali naye kama ilivyo adabu. Mzee alikuwa na jambo moja zuri ambalo sijaliona kwa mwanafunzi mwingine yeyote: bila kuambiwa, alikaa nyuma ya mkia, helikopta ikisogea naye anaifuata polepole, kama mtu aliyezoea kufuata jembe. Lakini mikono yake ilikuwa ya jembe pia. Ng'ombe akivuta kulia, mkulima anatupa uzito wote kushoto. Rimoti haitaki uzito. Inataka ncha ya kidole, na mzee alikuwa anausukuma mpini wa rimoti mpaka mwisho.

Nikamwambia, na haya ndiyo maneno yangu kamili: mkwe, kama haitakuwa vibaya, nilikuwa naona labda tungepunguza kidogo. Hebu yasomeni tena, mhesabu urefu wake. Kabla sijafika kwenye kupunguza, helikopta ilikuwa imelala upande, mkia unapapasa nyasi, mapanga bado yanazunguka. Na mzee akafanya kitu ambacho hakuna mtu wa mjini angekifanya. Jembe likitoka kwenye mstari unalikamata, unalirudisha. Alinyoosha mkono aukamate mkia.

Neno nililotakiwa kusema lilikuwa moja: acha. Nililiona, lilifika mdomoni. Halikutoka, kwa sababu mkwe humwambii acha. Panga likampiga chini ya kiganja, likapanda kuelekea kwenye kifundo cha mkono.

Alishonwa nyuzi tisa. Daktari alisema kidogo tu lingefika kwenye mshipa. Mzee alipotoka akaniambia nisijisumbue, kosa ni lake, mikono yake ni mizito. Aliniambia kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko kama angenitukana. Nilirudi Kitale nikiwa na aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nianze kazi. Miaka yote hiyo nimewauliza wateja wanatumia wapi na wana haraka ya nini. Huyu alikuja akanijibu yote mawili kabla sijamwuliza, nami nikaliuzia koti lake helikopta.

Wiki tatu baadaye nilichukua ile ya manjano, fito zake nikazifunga mwenyewe, nikashuka nayo Bumula. Mzee hakutoka nje. Mama Wafula ndiye aliyenipokea, nami nikamweleza ukweli wote, kwamba ile kubwa haikuwa ya kumpa mtu anayeanza na nilijua hivyo nilipokuwa nampa. Alikiangalia kile kinyuki, akacheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Kisha akaingia ndani. Sijui walisemezana nini, lakini walikawia. Mzee akatoka, mkono umefungwa, akaketi mbele yangu.

"Kwa nini ulinipa ile kubwa, mkwe?"

"Kwa heshima, mkwe."

Aliizungusha ile ndogo kwenye kiganja kizima.

"Basi hiyo heshima tuiweke nje ya boma mpaka mtihani uishe," akasema. "Nikikosea, nipigie kelele."

Nilijaribu. Wallahi sikuweza, na mimi ni mtu wa kanisa sitakiwi hata kuapa. Kila mzee akikosea, mdomo wangu unaanza na kama haitakuwa vibaya. Mwishowe tukatafuta njia. Stoo yao ya mahindi ilikuwa tupu msimu ule, haina upepo, sakafu imesakafiwa. Mzee anasimama katikati na rimoti. Mimi nasimama pembeni, nasema kwa sauti ya kawaida, mwambie mzee apunguze. Na Mama Wafula, ambaye amempigia huyo mzee kelele mashambani tangu wakiwa vijana, anapaza sauti, Simiyu punguza! Naye anapunguza. Ninyi mkicheka chekeni, lakini ndani ya siku kumi ile ndogo ilikuwa inasimama mbele ya mzee bila kutikisika, na vidole vyake vilikuwa vimejifunza kugusa.

Kilichotushinda ni ule uso. Mtahini lazima angemtaka airudishe droni ikiwa imemwelekea, na kila helikopta ilipomgeukia, mzee alisukuma mpini upande usiofaa. Nilimchorea kwa makaa sakafuni, mishale ya kwenda na mishale ya kurudi, kama ninavyowachorea wanafunzi wote. Alikuwa anatazama mishale, anaitikia, halafu anaipeleka ukutani. Zilibaki wiki mbili. Siku moja aliweka rimoti chini, akasema kwa utaratibu kwamba wale ng'ombe wawili kuna mtu wa Kimilili ameshawaulizia.

Mama Wafula alikuwa ameketi kwenye gunia. Akasema haelewi sisi tunahesabu nini. Yeye ametembea mbele ya ng'ombe miaka yote hiyo akigeuka kuwatazama, kulia kwa Simiyu ni kushoto kwake, na hajawahi kuhesabu hata siku moja.

"Ng'ombe akiegemea huku, naweka mkono huku huku," akasema, akaunyoosha mkono wake. "Namkinga asianguke. Basi."

Akainuka, akaokota rimoti ambayo hakuwahi kuigusa. Niliishika kwanza nikampaishia, nikamgeuzia uso wa helikopta, nikamrudishia rimoti. Ikaegemea upande wa mlango. Akasukuma mpini upande wa mlango. Ikasimama. Ikaegemea upande wa ukuta. Akasukuma upande wa ukuta. Ikasimama tena. Nilisimama pale na makaa yangu mkononi. Ni kweli tupu, kwa sababu ikikutazama, kuusukuma mpini kule inakoangukia ndiko kuikinga. Nilikuwa nalijua kwa vidole tu, na kwa mdomo nilikuwa nawapa watu mishale. Tangu siku hiyo sijamchorea mtu mshale, na nyinyi msiwachoree. Waambieni tu waweke mkono inakoangukia.

Mtihani ulifanyika Mabanga asubuhi moja yenye upepo wa kukera. Walikuwa saba, sita kati yao vijana waliokulia kwenye michezo ya simu, na mkwe wangu na koti lake. Mimi na Mama Wafula tulisimama kwenye uzio. Vijana walikuwa wepesi, siwezi kusema uongo, lakini setilaiti ikizimwa wepesi huo unageuka kuwa kitu kingine. Mmoja aliipeleka kwenye mahindi. Mwingine aliomba rimoti ichukuliwe mikononi mwake droni ikiwa bado hewani.

Zamu ya mzee ilipofika, aliipaisha, akaifuata nyuma mpaka mwisho wa uwanja, akasimama. Mtahini akamwambia airudishe, uso mbele. Ikageuka. Upepo ukaipiga ubavuni, ikaanza kuegemea upande wetu wa uzio, na nikaona kidole chake kimesita. Pembeni yangu Mama Wafula aliunyoosha tu mkono wake, upande ule ule droni inakoangukia, kama yuko mbele ya ng'ombe. Mzee hakuweza kumwona, macho yake hayakubanduka kwenye droni. Lakini kidole chake kikaenda huko huko, wakati ule ule, na droni ikanyooka, ikaja taratibu mpaka mbele ya miguu yake, ikatua.

Mimi nililia, sioni haya kusema. Mama Wafula aliniuliza kwa nini nalia na kazi imeisha.

Wale ng'ombe wawili wako bado, wamenenepa, hawana kazi nyingi. Mzee hunyunyizia mashamba ya kikundi kizima, na mkewe hutangulia kuangalia waya za stima na watu waliolala vivulini. Kovu lake liko chini ya kiganja, na kila nikimsalimia linanigusa mkono.

Siku yangu ya mwisho dukani, mlipokuwa mnakata keki, mlimwona akiingia na boksi la unga. Mlidhani ameniletea kuku. Ilikuwa ile ya manjano, fito zimeshavunjika na kufungwa upya kwa kamba ya katani, nyuki amefutika jicho moja. Alichoniambia sikuwaambia, nilikuwa na keki mdomoni. Alisema imemaliza kazi kwake, nimpe mzee mwingine, na huyo mzee akiona haya nimwambie Simiyu wa Bumula aliishika akiwa amevaa koti.

Nimeiacha kwenye rafu ya katikati, usawa wa macho. Atakuja mtu wa heshima, pasta au chifu au mwalimu mkuu mstaafu, atanyooshea kidole ile kubwa, na mikono yenu itataka kupanda. Mpeni hiyo ya katikati.

Na wewe Nanjala, siku ile ulipokuwa unafuta kioo ulijua nimekosea. Ulinyamaza kwa sababu mimi ni mkubwa wako, na mkwe wangu akashonwa nyuzi tisa. Sikulaumu, mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza hivyo. Sasa nakufundisha tena: mkubwa wako akinyoosha mkono rafu ya juu, mpigie kelele.